Fundi Anajibu: Umeme ulikatika katikati ya kuflashi

*Shikamoo fundi. Nina banda la gemu hapa Morogoro: televisheni tatu, PlayStation mbili na Xbox 360 moja ya mtumba. Jumamosi nilikuwa naiflashi draivu yake ya diski, ya Lite-On, yaani naibadilishia fimwea (programu ya ndani ya draivu), ili isome diski za kuchoma. Nilitumia programu ya JungleFlasher, nikafuata maelekezo yote. Nikabonyeza kufuta, ikasema imefuta, na kabla sijaandika fimwea mpya umeme ukakatika mtaa mzima. Uliporudi draivu haifanyi kitu. Trei haifunguki na Windows haiioni. Rafiki yangu ana draivu kama yangu, ya namba 74850C, anasema atanipa faili lake niliandike kama lilivyo. Nifanye hivyo?*
*Kijana wa banda, Morogoro*

Marahaba. Usifanye hivyo. Mshukuru rafiki yako, faili lake abaki nalo.

Draivu yako haijafa, iko tupu tu. Fimwea yenyewe si kitu cha kukukosesha usingizi, kwa kuwa ya 74850C ni ileile kwa draivu zote za namba hiyo. Kinachotofautisha hasa draivu yako na ya rafiki yako ni ufunguo, baiti 16 tu, ambao kiwandani uliwekwa sehemu mbili: ndani ya draivu na ndani ya bodi ya Xbox. Gemu ikiingia, bodi inaihoji draivu. Majibu yasipolingana, filamu za DVD zitacheza vizuri kabisa, lakini ukiweka gemu utaandikiwa kwamba ili kucheza diski hii uiweke kwenye Xbox 360. Nimewaona watu wazima wakiigombeza televisheni kwa sababu ya maneno hayo.

Kwa hiyo kabla hujagusa waya wowote nijibu hili: dummy.bin, faili la taarifa za draivu yako, iko wapi? Kama kweli ulifuata hatua zote, kabla ya kufuta uliusoma ufunguo na programu ikakuomba uhifadhi mafaili. Dummy.bin ina baiti 262,144. Pengine pembeni yake ipo key.bin, yenye baiti 16 tu. Kaa kwenye kompyuta hiyo uyatafute kila folda, mpaka ndani ya pipa la taka. Ukiyapata, nakili kwenye flashi mbili na ujitumie kwa baruapepe, ndipo uendelee. Wala usiipige fomati kompyuta hiyo kwa sababu yoyote. Najua vijana mnavyopenda kupiga fomati.

Tuseme umeyapata. Windows kutoiona draivu kusikutishe. Draivu tupu haina cha kujitambulisha nacho, lakini chipu yake ya MediaTek bado inaitika ikiitwa kwa namna yake. Chomeka waya wa data kwenye kadi ya SATA ya kompyuta (ya kuunganishia draivu) yenye chipu ya VIA VT6421, nadhani ndiyo uliyotumia. Umeme wa draivu utoke kwenye Xbox yenyewe. Ndani ya JungleFlasher fungua ukurasa wa MTK Flash 32, chagua pota ya VIA, bonyeza kitufe cha Intro, na programu ikiwa inaita, zima umeme wa draivu, hesabu moja, mbili, washa. Unachosubiri kuona ni namba 0x72 pamoja na jina la chipu ya kumbukumbu, kwa mfano Winbond. Hapo draivu imeitika.

Isipoitika mara ya kwanza, rudia. Mimi nimewahi kurudia mara kumi na kitu kwa draivu moja, nikabadilisha waya wa data, nikaja kugundua tatizo ni kidole changu: nilikuwa nawasha kabla umeme haujaisha vizuri kwenye draivu. Ukizima, ipe nafasi.

Ikishaitika, fungua dummy.bin kama chanzo na fimwea ya 74850C kama lengo, uhamishe taarifa za chanzo kwenda kwenye lengo. Programu itakuonyesha ufunguo wa pande zote mbili. Usome kwa macho yako, herufi na tarakimu zote 32 (kila baiti huandikwa kwa mbili), kushoto na kulia. Ndipo uandike. Kuandika kwenyewe ni kufumba na kufumbua, lakini safari hii Xbox na kompyuta ziwe kwenye UPS. Kama huna, azima kwa mwenye stesheneri. Diski za kuchoma sina la kukushauri, ila mimi nikifufua draivu huirudishia fimwea ya kiwandani, basi.

Na kama hukuhifadhi kitu? Usidanganywe kwamba kuna mtu ataukisia ufunguo. Nakala ya pili imo kwenye NAND, chipu ya kumbukumbu ya bodi, lakini imefungwa kwa ufunguo mwingine ulio ndani ya prosesa, na njia iliyozoeleka ya kuupata huo ni bodi ifanyiwe JTAG au RGH, mbinu za kuifungua iendeshe programu zisizo za Microsoft. RGH ilitoka 2011, na maboksi mengi ya umri wa draivu yako yanaikubali. Geuza Xbox nyuma usome kibandiko: ikiandikwa 12.1A hiyo ni Jasper, bodi ambayo mimi naifurahia kuliko zote. Usisome ya kwenye adapta, maana kwa vitu vya mtumba adapta na boksi hukutana njiani. Kazi hiyo ni ya kusolda nyaya nyembamba kama unywele. Kama mkono wako haujaizoea, mpelekee anayeifanya kila siku, akupe ufunguo wa draivu, urudi kwenye hatua za juu.

Nakwambia haya kwa uchungu wangu. Miaka ya nyuma, kabla RGH haijajulikana, niliifuta draivu ya mteja nikijua nimehifadhi, kumbe nilihifadhi ya mteja wa jana yake juu ya jina lilelile. Nilimlipa Xbox nyingine. Tangu hapo nina daftari kubwa la kaunta: jina la mteja, namba ya boksi, na ufunguo kwa kalamu ya wino. Wanafunzi wangu hulicheka. Kompyuta ya duka imeshakufa mara mbili, daftari lipo.

*Fundi, Xbox 360 ya mwanangu ilianza kukataa baadhi ya diski, nikaambiwa lenzi imechoka. Nikanunua draivu ya mtumba ya Lite-On kama yake, fundi wa mtaani akaitoa ya zamani akaweka hiyo nzima. Sasa inacheza filamu tu, gemu zote zinakataa. Nimeuziwa mbovu?*
*Mama Rama, Tanga*

Hapana, dada yangu. Soma jibu la kijana wa Morogoro hapo juu: draivu uliyonunua ni nzima, ila ina ufunguo wa boksi la mtu mwingine. Muulize fundi wako kama ile ya zamani bado anayo, na umuulize leo, kabla hajaiuza kama spea. Ufunguo wa mwanao uko kwenye bodi ndogo ya kijani chini ya draivu hiyo. Azifungue zote mbili, atoe bodi ya zamani aifunge kwenye draivu mpya yenye lenzi nzuri, mradi ziwe za aina moja. Ni skrubu chache na viunganishi vichache, ukiwemo utepe wa lenzi, ambao avute taratibu baada ya kufungua kufuli lake. Hakuna kompyuta wala kuflashi. Akikuambia ni lazima aiflashi, chukua vitu vyako.