Toshiba-EMI ilikwenda wapi? Majibu kwa wapenzi wa santuri

Safu iliyopita niligusia Toshiba-EMI, kampuni ya muziki ya Tokyo ambayo jina lake halipo tena. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia, nami nimefurahi. Leo najibu tano.

Hii Toshiba ndiyo ile ya televisheni na redio? Iliingiaje kwenye muziki? (Msomaji, Morogoro)

Ndiyo hiyo hiyo. Anayeuza gramafoni anahitaji kuwe na sahani za kuipigia. Mwaka 1960 Toshiba ilitenga kitengo chake cha santuri kikawa kampuni kamili, na mwaka uliofuata tu ikatoa "Ue o Muite Aruko" wa Kyu Sakamoto. Juni 1963 wimbo huo, ukiimbwa kwa Kijapani kitupu, ulikaa namba moja Marekani wiki tatu. Capitol walioutoa huko waliuita "Sukiyaki", jina la mlo wa nyama unaopikwa mezani. Wimbo wenyewe unamhusu mtu anayetembea akitazama juu ili machozi yasimdondoke. Kila nikiusikia, jina lile linaniuma.

Jina la Toshiba-EMI lilikuja 1973, baada ya EMI, kampuni ya rekodi ya Uingereza, kuingia kwenye umiliki.

Nani alimmeza nani, na lini? Kila mtu ananipa mwaka wake. (Msomaji, Mombasa)

Wote huenda wako sahihi, kwa sababu mambo yalitokea kwa hatua. Desemba 2006 Toshiba ilikubali kuuza hisa zake, asilimia 45, kwa EMI iliyokuwa na 55 zilizobaki. Bei ilikuwa yeni bilioni 21 hivi. Katikati ya 2007 jina likawa EMI Music Japan. Neno Toshiba likaondoka kwenye makava.

Mwaka huohuo EMI yenyewe, kule London, ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Terra Firma kwa fedha nyingi za mkopo. Deni likaielemea. Mwaka 2011 benki ya Citigroup ikaichukua, kisha upande wa rekodi ukauzwa kwa kampuni ya muziki ya Universal kwa pauni bilioni 1.2. Tume ya Ulaya iliridhia Septemba 2012 kwa sharti kwamba Universal iuze sehemu ya mali hiyo. Ndiyo sababu Coldplay wakahamia kampuni nyingine, Warner, na Beatles wakabaki Universal.

Tarehe ya Japani ni 1 Aprili 2013. Siku hiyo EMI Music Japan iliingizwa ndani ya Universal Music ya huko, ikakoma kuwa kampuni. Jina la EMI likabaki kama lebo, mfano wa mpangaji aliyepewa chumba katika nyumba ya mwingine. Matangazo ya biashara huita hivyo muungano. Mimi nasema ilimezwa.

Nina sahani ya Beatles ya Kijapani imeandikwa Odeon. Mbona haina Parlophone, lebo yao ya Uingereza, wala yule mbwa wa lebo ya HMV? Ni feki? (Msomaji, Zanzibar)

Si feki, ndugu yangu, itunze. Mbwa anayesikiliza gramafoni tunamjua vizuri Zanzibar: Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa HMV, na kampuni yenye lebo hiyo ndiyo iliyoungana na Columbia mwaka 1931 ikazaliwa EMI. Lakini mbwa yule alikuwa na wenyewe wengine katika nchi nyingine. Japani alikuwa wa Victor, tawi lililoanzishwa 1927 na Victor ya Marekani. Baadaye Victor ya Japani ikajitegemea, mbwa akabaki nayo. Hadi mwisho Toshiba hawakuweza kumtumia. Wakatumia majina mengine ya EMI: Odeon kwa pop, Angel kwa muziki wa kiklasiki.

Mwimbaji wa Kijapani Utada Hikaru alikuwa wa Toshiba-EMI. Sasa yuko Sony. Je, alihama na nyimbo zake? (Msomaji, Nairobi)

Albamu yake "First Love" ilitoka Machi 1999, namba ya katalogi TOCT-24067, ikauza zaidi ya nakala milioni 7 na bado ndiyo iliyouzwa kuliko zote Japani. Kampuni ilipomezwa 2013, mkataba wake uliingia Universal pamoja na mali nyingine. Mwaka 2017 akahamia Epic ya Sony. Ila dada yangu, msanii kuhama na masta, yaani rekodi asili, kuhama ni mambo mawili. Rekodi iliyokwisha kufanywa hufuata mkataba wake wa zamani, isipokuwa pande zote zikubaliane vingine. Wasanii wetu wanaosaini karatasi bila kuzisoma, nawaomba mlisome jambo hili mara mbili.

Nitajuaje sahani ya Toshiba ni ya miaka gani? (Msomaji, Muscat)

Anza na obi, ule ukanda wa karatasi uliozungushiwa kava. Jina limetoka kwenye mshipi wa kimono. Chini yake huwa kuna jina la kampuni. Ukiona herufi za EMI zimefuata maandishi ya Kijapani ya Toshiba, ni ya 1973 hadi 2007. Kama zipo za Kijapani peke yake, mara nyingi ni ya kabla ya hapo.

Kisha itoe sahani uielekeze dirishani. Miaka ya 60 Toshiba walitengeneza nyingi kwa plastiki nyekundu iliyochanganywa dawa ya kupunguza umeme tuli, ili vumbi lisigande. Ya kwangu ikiwa mezani inaonekana nyeusi kabisa. Ukiiinua kwenye jua inageuka rangi ya juisi ya rosela, na unaona vidole vyako upande wa pili.