Kuizuru Maskati: Panga Siku Yako kwa Kufuata Jua

Ukiwa na siku chache tu za kukaa Maskati, mji mkuu wa Oman, jambo la kwanza la kuamua si hoteli wala orodha ya mahali pa kutembelea, bali ni namna utakavyozigawa saa zako. Mji huu huchangamka mara mbili kwa siku: kuanzia asubuhi mpaka karibu na adhuhuri, na tena kuanzia alasiri mpaka usiku. Baina ya nyakati hizo maduka mengi ya sokoni hufungwa, vichochoro vya mitaa ya zamani hubaki vitupu, na jua huwa kali kiasi cha kumchosha hata mtu aliyezaliwa na kukulia Pwani. Nimewaona wageni kutoka kwetu wakifika soko la Mutrah saa nane mchana, wakikuta milango imefungwa, kisha wakirudi hotelini wakiamini kwamba Maskati haina kitu. Ina mengi sana, lakini huyatoa kwa saa zake yenyewe, na mgeni akizifuata saa hizo atakula vizuri, atatembea bila kuumwa kichwa na ataongea na watu wenye nafasi ya kuongea.

Msimu nao una uzito uleule. Miezi inayofaa ni kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka Machi, ambapo mtu anaweza kukaa nje jioni nzima. Kuanzia Mei mpaka Septemba joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na kwa kuwa mji uko ufukweni, unyevu wa bahari huufanya usiku nao kuwa mzito. Tiketi za miezi hiyo huwa rahisi, lakini singemshauri mtu mwenye watoto au wazee kuzifuata kwa sababu ya bei peke yake.

Maskati si mji wa kuzunguka kwa miguu. Ni mlolongo wa mitaa iliyonyooka kwa makumi ya kilomita kati ya bahari na milima ya mawe matupu: Seeb, kulikojengwa uwanja wa ndege, iko upande wa magharibi, kisha hufuata Ghubra, Khuwair, Qurum, Ruwi na Mutrah, na mwisho kabisa Maskati yenyewe ya kale. Kutoka uwanja wa ndege mpaka Mutrah ni takriban kilomita 30. Kwa sababu hiyo, mahali utakapolala huamua gharama yako ya usafiri. Kwa maoni yangu, anayekuja kwa mara ya kwanza alale Mutrah, ambako barabara ya ufukweni, soko na soko la samaki vyote viko karibu, au Ruwi kama anataka vyumba vya bei nafuu na kituo kikuu cha mabasi. Mabasi ya kampuni ya Mwasalat ni safi, yana ubaridi na nauli yake ni ndogo. Teksi za rangi ya chungwa na nyeupe ziko kila mahali, lakini patana nauli kabla ya kuingia, au itisha gari kwa programu ya Otaxi ambayo hukuonyesha bei mapema. Anayekodi gari akumbuke kwamba kule huendeshwa upande wa kulia wa barabara, jambo ambalo kwa dereva wa Tanzania, Kenya au Uganda linahitaji utulivu mkubwa, hasa kwenye mizunguko mikubwa ya barabara.

Kuhusu fedha, rial moja hugawanywa katika baisa 1,000, na thamani yake imefungwa na dola kwa miaka mingi, rial moja ikiwa sawa na takriban dola 2.60. Hapa ndipo wengi wetu hudanganyika, kwa sababu mtu aliyezoea kuhesabu kwa maelfu ya shilingi akisikia kitu kinauzwa rial tano huona kama ni bure. Badilisha kila bei kuwa shilingi kichwani kabla ya kukubali. Beba pia noti ndogo, kwani zipo za baisa 100 na za nusu rial, na ndizo zitakazokufaa kwa chai na nauli za basi.

Asubuhi ya kwanza ningeitumia kwenye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, ulioko Ghubra na uliofunguliwa mwaka 2001. Wasio Waislamu huruhusiwa kuutembelea kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi, na kufika saa mbili kamili kuna faida mbili: ua wa marumaru haujawaka moto, na misafara ya mabasi ya watalii haijafika. Mwanamke ajifunike nywele, mikono na miguu. Mwanamume avae suruali ndefu. Ndani ya ukumbi mkuu kuna zulia moja lenye ukubwa wa mita 70 kwa 60 na uzito wa tani 21, lililofumwa na mafundi wa Iran kwa muda wa miaka minne, na juu yake imening'inia taa ya kioo yenye urefu wa mita 14. Takwimu hizo zimeandikwa kila mahali. Mimi ningekuomba utoke ukumbini utembee kwenye baraza za pembeni, ambako kila shubaka la ukutani limepambwa kwa mtindo wa nchi au zama tofauti za Uislamu, na ambako watu wachache sana husimama. Waislamu wanaweza kurudi wakati wowote wa sala, na sala ya magharibi pale ni jambo la kulipanga kwa makusudi.

Asubuhi ya pili iwe ya Maskati ya kale. Ngome mbili, Jalali na Mirani, zimekaa juu ya majabali zikiitazama ghuba ndogo, na kati yake liko kasri la Al Alam. Ngome hizo zilijengwa na Wareno katika miaka ya 1580, na mwaka 1650 jeshi la Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi likawafukuza mjini. Ni utawala wa ukoo huohuo ulioiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, kwa hiyo msomaji wa Pwani akisimama pale anasimama mbele ya sehemu ya historia yake mwenyewe. Mkabala na kasri iko Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 2016, na nashauri uingie kabla jua halijapanda sana, ukae humo mpaka adhuhuri. Tafuta ukumbi wa mambo ya bahari, uone vyombo vilivyosafiri kwa pepo za kaskazi na kusi mpaka kwetu.

Sasa tuje kwenye chakula, ambacho kwangu ndicho sababu kubwa ya kurudi Maskati.

Anza kwenye soko la samaki la Mutrah mapema, wavuvi wanapoteremsha mzigo. Utawaona nguru na jodari wakubwa, na utajua ni samaki gani wa kuagiza siku hiyo. Baadaye kunywa chai ya karak, yaani chai ya maziwa iliyochemshwa sana pamoja na iliki, kwenye vibanda vya barabarani ambako wenye magari hupiga honi na kuletewa vikombe walipo. Pamoja nayo agiza chapati iliyokunjwa na jibini laini, pilipili na chipsi kavu za pakiti zinazoitwa Chips Oman. Mtu mzima anaweza kudhani ni chakula cha watoto wa shule, lakini Waomani wa rika zote hukila, nami nakipendekeza bila kusita.

Mchana, jua likiwa kichwani, ndio wakati wa kukaa ndani na kula wali. Majbous na kabuli ni wali uliopikwa kwa mchuzi wa nyama na viungo, na mlaji wa pilau ataitambua mara moja mdalasini, karafuu na iliki, kisha atakutana na ladha ya ndimu kavu ambayo kwetu haitumiki sana. Agiza pia nguru wa kukaanga kwa viungo. Ukiona papa mkavu kwenye orodha, usimpite, kwani hupikwa kwa vitunguu na ndimu na huenda vizuri na wali mweupe. Sehemu nyingi zina vyumba vidogo vyenye mazulia ambamo mnakaa chini mkila kwenye sinia moja, na sinia la watu wawili mara nyingi hutosha watatu. Kula kwa mkono wa kulia. Kwa anayebana matumizi, mikahawa ya Kihindi na Kipakistani ya Ruwi hutoa biriani, dengu na mboga kwa bei ya chini, na asiyekula nyama hatapata shida kabisa.

Chakula chenye heshima kuliko vyote ni shuwa. Nyama ya mbuzi au kondoo hupakwa viungo, hufungwa kwenye majani ya mgomba au makuti ya mtende, kisha hufukiwa kwenye shimo la makaa kwa siku nzima au mbili mpaka iachane na mfupa yenyewe. Kwa asili yake ni chakula cha Idi kinachopikwa na ukoo au mtaa mzima. Mikahawa huipika mwaka mzima, lakini uliza kama imetoka shimoni kweli au imepikwa kwenye oveni, kwa sababu bei huwa ni ileile na ladha haikaribiani. Jioni tafuta moshi wa mishkaki pembezoni mwa barabara na ule ukiwa umesimama. Baada ya hapo malizia kwa haluwa na kahawa chungu ya iliki. Ukisha kutosheka na kahawa, tikisa kikombe kidogo unapokirudisha; usipofanya hivyo mwenyeji ataendelea kukumiminia.

Soko la Mutrah nenda baada ya alasiri, kuanzia saa kumi na moja hivi. Maduka ya mbele, yanayotazama bahari, huuza vitu vingi vilivyotoka nje ya Oman. Ingia ndani zaidi, upande wa fedha, majambia na ubani. Ubani bora hutoka Dhofar, kusini mwa nchi, na ule wenye matone makubwa, meupe yanayoelekea ukijani, ndio wa thamani. Muombe muuzaji auchome kidogo mbele yako. Kofia za Kiomani zenye viua zilizoshonwa kwa mkono huchukua wiki nyingi kukamilika na bei yake ni kubwa kwa haki. Za mashine ni rahisi, na muuzaji mwaminifu atakuambia tofauti ukimuuliza kwa adabu. Kupunguziwa bei kupo, lakini kwa upole na salamu, si kwa kelele.

Na huenda ukajibiwa kwa Kiswahili. Waomani wengi ambao familia zao zilikaa Unguja, Pemba na mwambao, na waliorejea baada ya 1964 na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, bado wanakizungumza majumbani, na wazee wao hufurahi kuamkiwa ipasavyo. Naomba hapa tuwe waangalifu. Mapinduzi na biashara ya utumwa ni mambo yenye maumivu kwa pande zote, na mtu uliyekutana naye dukani si wa kumhoji juu ya hayo. Amkia, sikiliza, jibu unaloulizwa. Mwenyewe akitaka kukusimulia habari za mtaa aliozaliwa, atakusimulia.

Ijumaa asubuhi Maskati huwa kimya mpaka baada ya sala, kwa hiyo ndiyo siku ya kwenda Nizwa, takriban kilomita 160 ndani ya nchi. Mnada wa mbuzi na ng'ombe hufanyika Ijumaa hiyohiyo asubuhi, wauzaji wakiwazungusha wanyama mbele ya wanunuzi waliojipanga duara, na huanza mapema mno, kwa hiyo toka mjini kabla ya alfajiri au lala hukohuko. Baada ya mnada panda mnara mkubwa wa mviringo wa ngome. Wapendao maji waende njia ya mji wa Sur, wakaone shimo la Bimmah na bonde la Wadi Shab, ila mawingu yakionekana milimani msiingie bondeni hata kidogo, kwa sababu mafuriko hushuka ghafla kutoka mbali.

Yaliyobaki ni ya maandalizi. Hakiki masharti ya viza kwenye tovuti ya viza ya Polisi wa Oman kabla ya kununua tiketi, kwani hubadilika na hutofautiana kwa kila pasipoti. Usibebe miraa kwa namna yoyote. Ni marufuku na adhabu yake ni kali. Dawa kali za maumivu ziwe na cheti cha daktari. Usiwapige picha wanawake bila ruhusa, wala majengo ya jeshi na polisi. Ukienda Ramadhani, usile wala kunywa hadharani mchana hata kama hufungi. Soketi za umeme ni zilezile za pini tatu bapa za Tanzania na Kenya, na saa ya kule iko mbele ya yetu kwa saa moja. Haluwa ya kurudi nayo inunue siku ya mwisho ikiwa imefungwa vizuri kwenye kopo, uiweke ndani ya begi kubwa la kukabidhi, kwa sababu kwenye mkoba wa mkononi wakaguzi wanaweza kuihesabu kama kimiminika na kukuachisha.