Wiki Habari Zinapokauka Nairobi

Bunge likienda mapumziko na wanasiasa wakirudi mashambani, simu za ripota hunyamaza, ilhali mhariri bado anadai makala. Ripota mgeni hukimbilia mada pana: msongamano wa magari, gharama ya maisha, vijana na ajira. Mada ya namna hiyo haina pa kuishia. Tafuta swali linaloweza kujibiwa ndani ya siku tatu, kama vile: je, mtaro uliolipiwa katika wadi hii umechimbwa?

Maswali kama hayo yamejaa katika ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, na Ibara ya 229 ya Katiba inampa miezi sita kukagua na kuwasilisha ripoti. Ripota wengi huchukua jumla ya mabilioni yaliyokosa maelezo, wakaandika, wakafunga faili. Wewe shuka hadi kwenye mradi mmoja. Nakili jina lake, thamani ya kandarasi, kiasi kilicholipwa na tarehe ya kukamilika, kisha panda matatu uende. Nenda siku ya kazi asubuhi. Eneo la ujenzi lisilo na mtu Jumapili halithibitishi kuwa mradi umekwama. Piga picha ubao wa mradi ulinganishe na ripoti. Waulize majirani ni lini mafundi walionekana mara ya mwisho.

Hapa ndipo wengi huteleza: ripoti huonyesha hali ilivyokuwa wakaguzi walipofika, na huenda mwanakandarasi amerudi tangu hapo. Kwa hiyo iandikie kaunti, mwanakandarasi na mwakilishi wadi maswali yale yale, na mpe kila mmoja muda bayana wa kujibu. Ukikuta kazi imekamilika, hiyo nayo ni habari, na wakazi wanastahili kuisoma.

Gazeti Rasmi la Serikali hutoka kila Ijumaa. Majina ya walioteuliwa kila chombo cha habari kitayaona. Wewe endelea hadi matangazo ya ardhi. Tangazo la hatimiliki iliyopotea ni dai la mwenye kiwanja tu. Usilifanye ushahidi wa wizi wala usimtaje mtu kabla ya kukagua rekodi rasmi za ardhi.

Bei sokoni pia ni hazina, mradi uipime sawasawa. Fika Marikiti alfajiri, mizigo inaposhushwa. Sheria inataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, huzidi. Ukiandika bei ya gunia bila uzito, ulinganisho wako na mwezi uliopita hauna maana yoyote. Uliza bei ya mkulima, ya dalali na ya mama mboga siku hiyo hiyo, kwa kilo. Pengo kati ya bei hizo ndilo kiini cha makala, na msomaji analijali kwa sababu analilipa.

Wiki tulivu ndiyo pia ya kutuma barua za kuomba nyaraka. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 kujibu, na haki hiyo, chini ya Ibara ya 35, ni ya kila raia. Tia sahihi kwa jina lako. Usiombe "taarifa zote kuhusu soko". Omba nakala ya mkataba na hati za malipo za mradi fulani, wa mwaka fulani. Tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwani ukipuuzwa utaihitaji kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Mwisho, andika kwenye kalenda siku zinazojirudia: bei za mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, tarehe 14 ya kila mwezi, na takwimu za mfumuko wa bei hutolewa na KNBS, shirika la kitaifa la takwimu, mwisho wa mwezi. Mtafute mwendesha bodaboda au mwenye kibanda wa kuzungumza naye siku mbili kabla, si asubuhi ya tangazo.