Re: Mdogo wangu kapangiwa Malangali, nimpeleke au nimtafutie shule binafsi?

Dada, mpeleke. Malangali ni shule ya serikali ya huko Iringa, ya tangu 1928, si shule ya kata iliyoota juzi. Halafu ada ya Kidato cha Tano na Sita serikalini ilifutwa mwaka 2022, kwa hiyo hela ya shule binafsi inunulie vitabu.

Unachosema kwamba kule kuna baridi ni kweli. Mimi nilisoma shule nyingine ya serikali hukohuko Iringa, niliripoti Julai na blanketi moja jembamba kama kanga. Usiku wa kwanza nililala na viatu. Mnunulie mawili mazito, sweta la rangi iliyoandikwa kwenye fomu (usibuni yako, litarudishwa getini), tranka la bati na kufuli la maana. Ndoo mwandikie jina kwa rangi ya mafuta. Ndoo zina miguu kule.

Chakula ni ugali na maharage, atazoea. Kinachonitia wasiwasi ni walimu wa sayansi. Kama kapangiwa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) au PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), tafuta anayesoma pale sasa, umuulize Fizikia inafundishwa na nani.