Stima ya ploti "ni ya biashara": je, mpangaji alipe bei hiyo?

SWALI: Injinia, naishi kwenye ploti ya ghorofa hapa Umoja, chini kuna maduka na kinyozi. Mita ya Kenya Power ni moja. Kila nyumba ina mita ndogo, na tunamlipa keateka shilingi 35 kwa yuniti. Nikiuliza, naambiwa stima ya ploti ni ya biashara. Mimi natumia taa, televisheni na pasi, kama yuniti 25 kwa mwezi. Ni haki kweli? – Mpangaji, Umoja

JIBU: Dada yangu, bei ya biashara ndogo na ya nyumbani hazijaachana sana. Kinachokuumiza zaidi ni kuunganishwa na wengine kwenye mita moja.

Kenya Power huangalia wastani wa matumizi ya mita kwa miezi mitatu, kisha huipanga katika daraja. Kwa bei za nyumbani zilizoanza Aprili 2023, kabla ya kodi na tozo, yuniti ilikuwa shilingi 12.22 kwa wasiozidi yuniti 30, 16.30 kwa wa hadi 100, na 20.97 kwa waliovuka hapo. Ukishapangwa, yuniti zako zote hulipiwa bei ya daraja hilo. Sasa chukua nyumba 14 zinazotumia kama wewe: tayari ni yuniti 350, kinyozi bado hajawasha mashine. Mita ya ploti haishuki kutoka daraja la juu, na nafuu iliyowekwa kwa ajili ya mtu kama wewe haikufikii. Hata landilodi akibadilishiwa mita iwe ya nyumbani, utabaki pale pale.

Halafu kuna hiyo 35. Mwombe keateka risiti ya tokeni, ugawe pesa zote zilizolipwa kwa yuniti zilizotoka. Usiende kumdai kwa 20.97, kwa sababu risiti hubeba pia gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo ya asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini na VAT ya asilimia 16. Tuseme umepata 28: hizo shilingi 7 zinaenda wapi? Mkiwa na keateka, someni mita kubwa na ndogo zote siku moja, mpige picha, mrudie baada ya mwezi. Kinachozidi kwenye mita kubwa ni pampu ya maji, taa za ngazi, au mtu aliyejiunganisha kabla ya mita. Pampu na ngazi zigawanywe wazi, kando, zisifichwe ndani ya bei ya yuniti.

Ikiwa kinachobaki ni faida, mimi sikubaliani nayo hata kidogo. Sheria ya Kawi ya 2019 inataka anayewauzia watu umeme awe na leseni, na bei zipitishwe na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi. Kugawana bili ni sawa. Kuwauzia wapangaji stima kwa faida ni jambo jingine.

Dawa kamili ni kila nyumba kuwa na mita yake ya Kenya Power. Landilodi lazima akubali, na nyaya zikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, atoe cheti. Nendeni kwa landilodi wapangaji wote pamoja, mkiwa na zile picha na hesabu. Akikataa hata kuwaonyesha risiti, pelekeni malalamiko kwa maandishi EPRA. Kwa sasa endelea kulipa, na utunze kila ujumbe wa M-Pesa, maana ukiacha kulipa na stima ikatwe kwa deni, utakuwa umewapa la kushika.