Barua kwa Mwanangu: Watoto Wakiuliza Habari za Mungu

Buruburu, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa baba watoto na kwa wajukuu wangu. Ujumbe wako wa sauti niliusikia usiku, nikausikiliza tena asubuhi. Unasema yule mkubwa, katikati ya chakula, aliuliza kwa nini Mungu aliwazamisha hata watoto wachanga wakati wa Nuhu, nawe ukamwambia amalize ugali. Kabla hujapumua, mdogo wake naye akataka kujua kama baba yao ataenda motoni kwa kuwa haendi kanisani. Sasa waniuliza uwafundishe vipi Biblia, uanzie wapi, na kama uwalazimishe kukariri aya. Nimeona nikuandikie, maana mambo haya si ya kusikiliza ukiwa umeshika usukani.

Huyo mkubwa amesikiliza hadithi ya Nuhu kuliko wengi wetu. Sisi huchora safina kwenye ukuta wa darasa la Sande skuli, twiga katoa shingo dirishani, upinde wa mvua juu, tukaridhika. Yeye kauliza habari za waliobaki nje. Mtoto wa namna hiyo usimzibe mdomo.

Mrudie, umwambie ukweli. Mwanzo sura ya 6 inasema dunia ilikuwa imejaa dhuluma, na kwamba Mungu alihuzunika moyo. Habari za watoto wachanga haikuzieleza, nawe usimtungie. Kisha mpeleke sura ya 18, Ibrahimu anapoulilia mji wa Sodoma. Pale Ibrahimu anamuuliza Mungu uso kwa uso: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Halafu anaanza kupatana bei kama mama wa soko la Gikomba: wakiwapo wenye haki hamsini je? Arobaini na watano? Anashuka hadi kumi, na kila mara anajibiwa. Mjukuu wangu akijua kwamba swali lake liliulizwa na Ibrahimu, na Ibrahimu hakufukuzwa, utaona atakavyojisikia mtu mkubwa.

Ukimaliza hapo, msomee Yona, sura nne tu. Watoto wote wanamjua samaki, lakini wachache husomewa mwisho wake. Yona amenuna nje ya Ninawi kwa kuwa mji haukuangamizwa, na Mungu anamuuliza: nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya mia na ishirini elfu wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi? Mimi nikisoma aya hiyo huwaona watoto wachanga mle ndani. Kitabu kinaishia kwenye swali hilo, Yona hajajibu. Usimwambie mtoto kwamba Yona anafuta swali la Nuhu, maana halifutiki. Msomee vyote viwili, umwache akae navyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Watu wengi hudhani kufundisha imani ni mzazi kuanza kusema na mtoto kunyamaza. Fungua Torati uone. Kutoka sura ya 12, usiku wa Pasaka, Musa anawaambia wazee: watoto wenu watakapowauliza, utumishi huu maana yake ni nini kwenu, mtajibu hivi. Yoshua sura ya 4, mawe kumi na mawili yanatolewa katikati ya mto Yordani na kusimamishwa Gilgali, na sababu inatajwa wazi: ili watoto waulize siku za usoni, mawe haya maana yake nini? Hadi leo, Wayahudi wakiketi mezani usiku wa Pasaka, ni desturi mtoto mdogo kuliko wote aulize kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine, ndipo wakubwa waanze kusimulia.

Kumbukumbu la Torati 6 ndiyo hunishika zaidi. Mtoto anauliza: hizi amri na hukumu ni za nini? Mimi ningetarajia baba aanze kuzihesabu, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anaambiwa ajibu, "Tulikuwa watumwa wa Farao huko Misri." Yaani ameulizwa sheria, amejibu kwa habari za ukoo. Kwa hiyo mtoto akikuuliza kwa nini sisi hatusemi uongo, au kwa nini shosho, yaani mimi nyanya yao, hutoa fungu la kumi na hali karo haijaisha, mpe hadithi. Mwambie mwaka ule baba yako, Mungu amrehemu, alipoachishwa kazi, na akina mama wa ushirika wakaja na unga na sukari bila kuitwa. Mwambie ndiyo sababu bahasha ya kanisa hukaa kwenye droo pamoja na bili ya stima.

Lakini ili aulize, ni lazima aone kitu. Nyumba ambayo hakuna anayeomba, hakuna anayeomba msamaha, na mlinzi wa geti haulizwi kama amekula, mtoto ataulizia nini? Ataulizia nywila ya waifai.

Sande skuli ni nzuri, nami nimeifundisha muda mrefu wa kutosha kukwambia mipaka yake. Robert Raikes alipoifanya ijulikane kule Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, aliwalenga watoto waliofanya kazi viwandani siku sita za wiki, wasio na mtu wa kuwafundisha kusoma. Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yao pekee, na Biblia ndiyo kitabu chao cha kusomea. Haikukusudiwa watoto ambao wazazi wao wanajua kusoma na wana Biblia mbili kwenye kabati. Mwalimu ana saa moja, na nusu yake huisha akitenganisha wanaogombania kiti. Somo la dini shuleni nalo lisikudanganye. Nimewaona watoto wenye alama nzuri za dini ambao ukiwaambia waombe kabla ya chakula wanatazamana.

Utaniambia huna muda. Najua unatoka kwako mtaa wa Utawala kabla jua halijachomoza na kurudi usiku. Torati inataja nyakati nne: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayodai meza na ubao. Msongamano wa magari barabara ya Outer Ring peke yake unatosha kumaliza maisha ya Yusufu. Anzia hapo, Mwanzo 37. Watoto wako wanagombana kutwa kwa wivu, basi habari ya ndugu waliomuuza mwenzao haitahitaji kufafanuliwa. Kata mahali patamu: leo mwache Yusufu shimoni, uwashushe shuleni. Jioni watakuuliza wenyewe alitokaje. Sura ya 38 iruke, ukiisoma utajua kwa nini. Baada ya Yusufu nenda kwa Samweli anayeitwa usiku, kisha Ruthu, kisha Injili ya Marko ambayo ni fupi kuliko zile nyingine tatu, sura 16, na kila ukurasa Yesu yuko mbioni. Mifano ya Luka 15 wape wakiwa wamepoteza kitu, hata kama ni kiatu.

Simulia kwa lugha yoyote wanayochekea. Wakichanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng, Yusufu hatakasirika. Ila aya za kukariri ziwe za Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952, kwa kuwa ndiyo wataisikia ikisomwa kwenye harusi na mazishi, na ndiyo niliyo nayo mimi. Ya Habari Njema ni nyepesi kwao kujisomea.

Na ndiyo, wakariri. Siku hizi wazazi wanaogopa neno hilo, lakini Waebrania hawakuliogopa. Zaburi 119, yenye aya 176, imepangwa kwa herufi zote 22 za alfabeti yao, aya nane kwa kila herufi, na mpango kama huo humsaidia mtu kuishika kichwani. Anza na Zaburi 117. Ina aya mbili tu, na ndiyo sura fupi kuliko zote katika Biblia. Mtoto wa miaka minne ataishika kwa siku chache, kisha atazunguka ploti nzima akijigamba kwamba anajua sura nzima ya Biblia. Halafu Baba Yetu, halafu Zaburi 23. Peremende ukitaka kutoa, toa, sina ugomvi nazo. Ninachokukataza ni kumwandikisha aya mara mia kwa kosa. Akikua atalichukia Neno kama alivyoichukia adhabu.

Vivyo hivyo usiigeuze Biblia kuwa kiboko. Waefeso 6:1, enyi watoto watiini wazazi wenu, kila mzazi Nairobi anaijua. Aya ya 4, akina baba msiwachokoze watoto wenu, sijui hupotelea wapi. Wasomee zote mbili kwa siku moja, wajue na wewe uko chini ya sheria.

Katuni za Biblia kwenye simu, waache watazame ukiwa unapika. Usizihesabu kama mafundisho.

Nimebakiza swali la huyu mdogo, ambalo ndilo zito. Sitakuuliza ni nani aliyemtia maneno ya moto mdomoni. Kaa naye umwambie waziwazi kwamba kuhukumu nani ataenda wapi Mungu hajaikabidhi kwa mtoto, wala kwa mama yake, wala kwa shosho. Yesu alisema msihukumu, na hakusema isipokuwa watu wa nyumbani. Kisha mtajie Timotheo. Matendo 16 inasema mama yake alikuwa Myahudi aliyeamini, na baba yake Myunani. Paulo anapoisifu imani ya kijana huyo, anamtaja nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Baba hatajwi kwa sifa, lakini pia hakuna mahali anapotukanwa. Nyumba ya namna hiyo ilimtoa askofu, kama mapokeo ya kanisa yanavyosema habari za Timotheo na Efeso.

Kwa hiyo baba watoto asiwe mfano wako wa mtu asiyeokoka. Asubuhi ya Jumapili msimpite sebuleni kama mnampita mgonjwa. Petro anawaandikia wake wenye waume wasioamini kwamba hao waume wavutwe kwa mwenendo wa wake zao, pasipo neno. Pasipo neno, mwanangu, na nakujua ulivyo na maneno. Huyo mume wako ndiye huwafunga kamba za viatu watoto wakienda kanisani, na ndiye aliyelala nami hospitalini kwenye kiti cha plastiki wakati nilipofanyiwa upasuaji. Watoto wakiuliza habari za Msamaria mwema, una mfano mezani. Mtumie, tena mbele yake.

Na akitaka kukaa pale jioni unaposimulia, asiombwe kutoa ushuhuda. Mwombe asome sauti ya Farao. Ana sauti ya Farao.

Jumamosi waleteni wote, nimepata njugu mbichi kutoka nyumbani na nitachemsha githeri. Swali la Nuhu msinijibie, nataka mtoto aniulize mwenyewe. Njooni kabla ya saa sita, maana saa tisa nina kikao cha chama chetu cha kuchangiana na siwezi kukikosa, zamu hii ni yangu kupokea.

Ni mimi mama yako