Ukitaka kusimulia Mtunya, usianze na ukame

Nasaidia vikundi vya utamaduni hapa Dodoma kupanga maonyesho madogo ya historia, na karibu kila kikundi huanza na swali lilelile: vitu vya kuonyesha tutavitoa wapi? Vitu hupatikana. Kinachowashinda wengi ni mpangilio. Kwenye makumbusho ya msiba, kile mgeni anachokutana nacho kwanza ndicho kinachomwonyesha wa kulaumiwa.

Chukua Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Ukutani pa kwanza ukitundika picha ya ardhi iliyopasuka, mgeni ataondoka akiilaumu mvua. Lakini mvua huku ni haba tangu enzi na enzi, na Wagogo walikuwa na namna zao za kuvuka miaka mibaya: ng'ombe wa kubadilishana na nafaka, akiba ya uwele na mtama, ndugu wa mbali wa kukimbilia. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyowafungia njia hizo. Jeshi la Wajerumani lilichukua mifugo, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipoiteka Dodoma mwaka 1916, nao wakachukua. Mvua ilipogoma, watu hawakuwa na pa kushika.

Kwa hiyo chumba cha kwanza kiwe cha shibe. Weka kilindo cha nafaka, jiwe la kusagia, kibuyu cha maziwa, zeze. Mgeni aizoee nyumba kwanza. Chumba cha pili arudishiwe kilindo kilekile, kikiwa wazi na kitupu, na kando yake maandishi mafupi ya nani alichukua nini. Msiandike "nafaka ilichukuliwa" mkaishia hapo. Mtajeni aliyeichukua.

Kuna wanaotaka sanamu za watu waliokonda. Mimi huzikataa, hata mfadhili akizipenda (na huzipenda). Kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyopo Gisozi, Kigali, iliyofunguliwa 2004, chumba cha watoto kina picha zao wakiwa hai, na chini yake chakula walichokipenda na mchezo waliouzoea, kabla hujasoma walivyouawa. Hakuna sanamu itakayokufikisha hapo. Makumbusho ya ubaguzi wa rangi ya Johannesburg hugawa wageni kwenye milango miwili, wa "wazungu" na wa "wasio wazungu", kulingana na tiketi. Ni wazo zito, ila kwa wajukuu wa walioteswa nisingelithubutu.

Sauti za wazee zibaki kwa Kigogo, tafsiri iwe ukutani. Bibi mmoja wa Mvumi alitueleza kuwa mama yake, hadi uzeeni, aliweka konzi ya mtama kwenye kitambaa chini ya kitanda, na hakuruhusu isagwe hata siku wageni walipozidi. Kabla ya kuitumia simulizi hiyo tulikaa na wanawe, tukawasikilizisha yote, wakaomba sehemu moja itolewe. Ikatolewa.

Watoto wa madarasa ya chini waishie chumba cha shibe. Mwalimu wao aambiwe mapema, asije akagombana na mlinzi mlangoni. Kitabu cha wageni kisiwe ndani. Kiweke nje kwenye kivuli, penye benchi na mtungi wa maji, maana mtu aliyetoka chumba cha pili akipewa kalamu papo hapo huandika "nzuri sana" na kuondoka. Benchi fundi seremala wa mtaani atakutengenezea.